Ari ya Kazi Imekwisha: Utatuzi wa Tatizo kwa Kufuata Dalili Zake

Mtu anaposema kwamba ari yake ya kazi imekwisha, kwa kawaida huwa ametaja dalili tu, kama mwenye gari anavyosema kwamba gari lake halivuti. Fundi aliyebobea hakimbilii kubadilisha plagi. Huuliza kwanza gari lilianza lini kukosa nguvu, kama linalegea mlimani tu au hata kwenye tambarare, na kama kuna taa yoyote iliyowaka. Ari nayo inahitaji maswali ya namna hiyo, kwa sababu vyanzo vinavyoizima ni vingi, na dawa ya chanzo kimoja mara nyingi huwa sumu ya kingine. Likizo humponya aliyechoka, lakini humwongezea uzito yule anayeikimbia kazi aliyoiahirisha. Lengo kubwa zaidi humchangamsha aliyechoshwa na kazi nyepesi, ilhali humvunja kabisa mtu aliyekwisha kulemewa.

Lugha yetu inatusaidia kuanza vizuri. Motisha, jinsi neno hilo linavyotumika sana makazini siku hizi, ni kitu ambacho mtu hupewa kutoka nje: bonasi, cheo, cheti cha mfanyakazi bora. Ari haipewi mtu. Humpanda au humshuka. Mwajiri anayesema "tutawaongezea motisha" na mfanyakazi anayesema "sina ari" wanaweza kuzungumza mwaka mzima bila kuelewana, kwa kuwa kila mmoja anataja kitu tofauti. Katika maelezo yanayofuata nitayatenganisha maneno haya mawili, kwani mojawapo ya dalili tutakazozichunguza hutokea pale hasa motisha inapoila ari.

Mpangilio wa uchunguzi ni huu: mwili kwanza, kisha kazi yenyewe, kisha watu na taratibu zinazoizunguka, na suala la kuacha kazi liwe la mwisho. Nimeupanga hivyo kwa kufuata gharama, maana kujaribu kulala mapema kwa wiki mbili hakumgharimu mtu karibu chochote, lakini barua ya kuacha kazi hairudishwi kwa urahisi. Wengi huanzia mwisho. Huamka Jumatatu wakiwa wamelala kwa muda wa saa 5 tu, na kabla ya saa sita mchana wamekwisha kuamua kwamba walikosea kuchagua taaluma.

Kipimo cha awali: ari imepotea kazini tu, au kila mahali?

Jiulize kama mambo uliyoyapenda nje ya kazi bado yanakuvuta. Ikiwa bado una hamu ya mpira, bustani, kwaya au mazungumzo na marafiki, na uzito unakujia tu unapofikiria kazi, basi chanzo kipo kazini na unaweza kuendelea na sehemu zinazofuata. Ikiwa hamu imetoweka kote, kwa wiki kadhaa mfululizo, huku usingizi na hamu ya chakula vikibadilika, usiendelee kusoma mwongozo huu ukitafuta mbinu za kazi. Hizo zinaweza kuwa dalili za sonona, na upungufu wa damu au hitilafu ya tezi ya shingo pia huweza kumfanya mtu ajione mvivu wakati mwili wake ni mgonjwa. Hapo anayehitajika ni daktari.

Usingizi unastahili aya yake, kwa sababu ndicho chanzo ambacho mwenyewe hakioni. Mwaka 2003, Hans Van Dongen na wenzake walichapisha jaribio ambamo watu wenye afya njema walilala kwa muda wa saa 4, 6 au 8 kila usiku kwa siku 14. Waliopewa saa 6 au pungufu walizidi kudhoofika kiakili siku hadi siku, mpaka wakafikia kiwango cha mtu aliyekesha hata usiku mbili mfululizo, lakini walipoulizwa wanajisikiaje, hawakujiona kuwa na usingizi kwa kiwango hicho. Maana yake kwa uchunguzi wetu ni kwamba jibu la "mimi nimezoea kulala kidogo" halithibitishi chochote. Lala vya kutosha kwa siku 10 hadi 14, kisha ndipo upime upya ari yako.

Dalili: unakaa mezani, lakini mkono hauendi

Hii ndiyo dalili ya kawaida kuliko zote, na ndiyo inayopewa majina mabaya kuliko zote. Itazame kwa karibu. Ni asubuhi, faili limefunguliwa, juu kabisa limeandikwa "Mapendekezo ya Mfumo Mpya". Mfanyakazi anakikoleza wino kichwa hicho, anaongeza ukubwa wa herufi kutoka 14 hadi 16, anaona zimezidi, anarudisha 14. Anafungua barua pepe, anajibu ujumbe ambao ungeweza kusubiri mpaka Ijumaa, anainuka kwenda kuchukua maji. Anaporudi, ukurasa ni ule ule. Mtu wa namna hii hajakaa bure hata kidogo. Amefanya kazi ndogondogo tano akiizunguka moja iliyo kubwa. Nguvu anazo. Anachokosa ni mahali pa kuingilia.

Dalili hii ina vyanzo vitatu, na kuna kipimo kimoja cha kuvitenganisha. Chukua karatasi uandike kwa sentensi moja kazi hiyo itakavyokuwa ikiisha: itakuwa na nini, itamfikia nani, lini. Ukishindwa kuiandika sentensi hiyo, tatizo ni kwamba kazi yenyewe haieleweki, na hakuna ari duniani inayoweza kumsukuma mtu kuelekea mahali asipopajua. Ukiweza kuiandika bila taabu lakini kazi ikabaki kuonekana kama mlima, tatizo ni ukubwa. Na ukiiandika, halafu ikakujia sura ya mtu fulani atakayeisoma, tumbo likakaza, tatizo ni hofu.

Kwa kazi isiyoeleweka, dawa ni kwenda kuuliza, jambo ambalo watu huliona la aibu hasa wakiwa wamekwisha kukaa na kazi hiyo kwa wiki. Usiulize "nifanye nini?", kwa sababu swali hilo humrudishia msimamizi kazi nzima. Peleka sentensi yako, hata ikiwa ya kubahatisha, useme: "Nimeelewa kwamba kinachotakiwa ni kurasa nne zenye gharama za njia mbili, bila kuingia katika ratiba. Ndivyo?" Atakusahihisha ndani ya dakika mbili, kwani ni rahisi zaidi kusahihisha kuliko kueleza upya.

Uzito wa lengo lililo wazi umepimwa. Mwaka 1975, Gary Latham na mwenzake Baldes walichapisha habari za madereva wa malori ya magogo nchini Marekani, waliokuwa wakipakia kiasi cha asilimia 60 tu ya uzito ulioruhusiwa kisheria, ingawa walikuwa wakihimizwa kila siku wafanye kadiri ya uwezo wao. Kisha wakapewa lengo la tarakimu, yaani asilimia 94, bila nyongeza ya fedha. Baada ya miezi kadhaa walikuwa wakipakia zaidi ya asilimia 90. Kauli ya "jitahidini" haikuwa imewaambia kitu. Edwin Locke, aliyeanza kuandika juu ya malengo katika miaka ya 1960 na baadaye akashirikiana na Latham, alikwisha kuonyesha kwamba lengo mahususi na gumu huzaa kazi zaidi kuliko wito wa jumla, ili mradi mtu amelikubali na ana uwezo wa kulifikia. Sharti hilo la mwisho lisipitwe haraka, maana lengo gumu mikononi mwa mtu ambaye bado anajifunza kazi humchanganya tu. Huyo apewe lengo la kujifunza kwanza.

Kwa kazi iliyo kubwa mno, angalia orodha yako ya kazi uone kama imeandikwa kwa majina au kwa vitenzi. "Mapendekezo ya Mfumo Mpya" ni jina, nalo halimwambii mtu afanye nini akikaa. "Kumwandikia mhasibu anipe gharama za mwaka jana" ni tendo la dakika tano. Andika tendo la kwanza tu. Usijisumbue na la saba. Kisha lifunge kwenye wakati au tukio ambalo litatokea kwa vyovyote vile: "Nikishaweka mkoba chini asubuhi, kabla ya kufungua barua pepe, namwandikia mhasibu." Peter Gollwitzer, katika makala yake ya mwaka 1999, alieleza kwa nini mipango ya aina hii, yenye sura ya "likitokea hili, nitafanya lile", hutekelezwa zaidi kuliko nia ya jumla: uamuzi huwa umekwisha kufanywa mapema, na tukio lenyewe ndilo linalomkumbusha mtu, badala ya kusubiri hisia nzuri zije.

Hofu ni ngumu zaidi, na kuipuuza hakuiondoi. Njia ninayoiamini ni kupunguza umbali kati yako na hukumu: mpelekee yule unayemwogopa kipande kibaya mapema, ukikiita rasimu waziwazi, badala ya kumpelekea kitu kizima siku ya mwisho. Mara nyingi hofu hulishwa na ukimya. Anayepata maoni mara sita juu ya vipande vidogo huogopa kidogo kuliko anayesubiri hukumu moja kwa miezi miwili.

Dalili: mwanzo una moto, katikati unazimika

Kabla ya kujilaumu, chunguza kinachotokea ndani ya saa moja ya kazi. Sophie Leroy alionyesha mwaka 2009 kwamba mtu anapoiacha kazi kabla haijaisha na kuingia nyingine, sehemu ya fikra zake hubaki kule alikotoka, na ile kazi ya pili hufanywa kwa akili iliyogawanyika. Mfanyakazi anayekatizwa na simu, arifa na kikao cha dakika kumi mara nane kwa siku hupata hisia ya kuchoka na kutosonga mbele, kisha huiita hisia hiyo kukosa ari. Kipimo chake ni rahisi: kwa siku tatu, tia alama ndogo kwenye karatasi kila unapotoka kwenye kazi kabla ya kuimaliza, na utofautishe mara ulizotolewa na wengine na mara ulizojitoa mwenyewe. Wengi hushangaa kuona kwamba alama za aina ya pili ndizo nyingi. Tenga kipande cha dakika 60 hadi 90 ambacho arifa zote zimezimwa, na unapolazimika kukatizwa, andika mstari mmoja wa ulipofikia na utakapoanzia tena. Mstari huo huiruhusu akili iiachie kazi.

Chanzo cha pili kiko katika umbo la kazi ndefu. Clark Hull aliandika tangu mwaka 1932 kwamba panya huongeza mbio kadiri wanavyokaribia chakula, na binadamu nasi hatuko mbali na hapo: mwanzo unaonekana, mwisho unavuta, lakini katikati hakuna kinachoonekana upande wowote. Usisubiri katikati ipite. Ikate iwe na miisho yake midogo, kila mmoja ukiwa ni kitu kinachoweza kukabidhiwa mtu mwingine na kuonekana.

Dalili: kazi inafanyika yote, lakini imekuwa kama kusukuma hewa

Niliwahi kupewa jukumu la kuandaa taarifa ya kila wiki, kurasa tatu na majedwali mawili, iliyokuwa ikitumwa kwa watu kumi na wawili. Iliniila nusu siku kila Alhamisi. Wiki moja niliugua, na taarifa haikwenda. Nilirudi nikiwa na maneno ya kuomba radhi yaliyopangwa vizuri, nikangoja aulize mtu. Hakuna aliyeuliza wiki hiyo, wala iliyofuata. Tangu siku hiyo ile nusu siku ya Alhamisi ikawa siku nzima, kwa sababu nilikuwa nikijiburura.

Hapo chanzo si uvivu, na kujisomea maneno ya kutia moyo kungekuwa kupaka rangi ukuta wenye unyevu. Richard Hackman na Greg Oldham, katika kazi zao za miaka ya 1970, walitaja mambo matano ya kazi yanayoamsha ari ya ndani: kutumia stadi mbalimbali, kuona kazi ikiwa nzima kuanzia mwanzo hadi mwisho, kujua kwamba ina uzito kwa wengine, kuwa na uhuru wa kuamua namna ya kuifanya, na kupata mrejesho. Taarifa yangu ilikosa la tatu na la tano kwa wakati mmoja, na hayo mawili yakikosekana, hata mshahara mzuri hufanya kazi ya kumleta mtu kazini tu.

Jambo la kutia moyo ni kwamba kasoro hii wakati mwingine hurekebishika kwa kitu kidogo sana. Mwaka 2007, Adam Grant na wenzake walichapisha jaribio lililofanywa kwa wafanyakazi waliopiga simu kuchangisha fedha za chuo kikuu. Baadhi yao walikutanishwa kwa dakika chache na mwanafunzi aliyesoma kwa ufadhili uliotokana na fedha hizo. Mwezi mmoja baadaye, muda wao wa kukaa kwenye simu ulikuwa umeongezeka zaidi ya mara mbili, huku wenzao ambao hawakukutanishwa naye wakibaki palepale. Kazi haikubadilika, malipo hayakubadilika. Kilichoongezeka ni uso wa mtu upande wa pili.

Kwa hiyo fuatilia kazi yako inakoishia. Muulize anayeipokea: unaitumia kufanya nini, ukurasa upi unausoma, upi unauruka? Mimi nilipouliza hatimaye, niligundua kwamba wasomaji wawili walihitaji jedwali moja tu, na kumi hawakuhitaji chochote. Taarifa ikawa jedwali, nusu siku ikawa robo saa. Jibu linaweza pia kuwa kwamba kazi hiyo haina faida kwa yeyote, na hilo nalo ni jibu linalofaa, kwa kuwa sasa una hoja ya kuomba iondolewe.

Ikiwa majukumu rasmi hayabadiliki, kuna nafasi nyembamba ndani yake. Amy Wrzesniewski na Jane Dutton walieleza mwaka 2001 jinsi baadhi ya wasafishaji wa hospitali walivyoiona kazi yao kuwa sehemu ya kumhudumia mgonjwa, wakapanga mizunguko yao na mazungumzo yao kwa kuzingatia hilo, wakati wengine wenye kazi hiyo hiyo waliona sakafu tu. Nakubali kwamba mfano huu hutumiwa vibaya na waajiri wanaotaka mfanyakazi aridhike na malipo duni. Hata hivyo uhuru huo mdogo ni wako, na unaweza kuutumia kwa manufaa yako bila kuacha kudai haki yako.

Dalili: ulikuwa ukiipenda kazi, mpaka walipoanza kuilipia kwa vipande au kuikagua kila saa

Hapa ndipo motisha inapoila ari. Mwaka 1971 Edward Deci alichapisha majaribio aliyoyafanya kwa wanafunzi waliopewa fumbo la kuunganisha vipande. Kundi moja lililipwa dola moja kwa kila umbo walilolikamilisha katika kipindi cha pili, na malipo yakaondolewa katika kipindi cha tatu. Deci alipotoka chumbani kwa dakika 8 na kuwaacha wafanye wapendavyo, waliokuwa wamelipwa waliligusa fumbo kwa muda mfupi kuliko walivyofanya kabla ya kulipwa. Katika jaribio jingine la mfululizo huo, sifa za maneno hazikuleta madhara hayo. Deci na Richard Ryan baadaye walijenga juu ya matokeo haya hoja kwamba ari ya ndani hutegemea mahitaji matatu: mtu ajione ana uamuzi juu ya anachofanya, ajione anaimudu kazi, na ajione ana uhusiano wa kweli na watu walio karibu naye.

Msomaji asielewe kwamba fedha huharibu kazi. Mshahara unaotosha, unaolipwa kwa wakati, huondoa wasiwasi na kuipa ari nafasi. Kinachodhuru ni malipo au ukaguzi unaomwambia mtu kwamba bila fimbo hii usingefanya, hasa kwa kazi ambayo alikuwa akiifanya kwa hiari. Kipimo: kumbuka siku ari iliposhuka, kisha tazama utaratibu gani ulianza mwezi huo. Ukiupata, usiombe ufutwe wote, kwani ombi hilo hukataliwa haraka. Omba uamuzi juu ya jambo moja mahususi, kama vile mpangilio wa kazi za siku au njia ya kufikia lengo, na wewe ukubali kuwajibika kwa matokeo. Msimamizi mwenye hofu hukubali kuachia njia mapema zaidi kuliko kuachia matokeo.

Dalili: ari ilikatika siku moja, na siku hiyo unaikumbuka

Ukiweza kutaja tarehe, usijichunguze sana ndani. Kuna jambo lilitokea: mwenzako mwenye uzoefu mdogo alipandishwa cheo, kazi yako iliwasilishwa kwa jina la mwingine, ahadi ilipita kimya. Stacy Adams alieleza mwaka 1963 kwamba watu hulinganisha wanachotoa na wanachopata na uwiano wa wengine, na wakiona wamepunjwa, njia mojawapo ya kusawazisha ni kupunguza juhudi. Ari iliyoshuka kwa njia hii inafanya kazi yake barabara. Inakuambia kuna deni. Frederick Herzberg, baada ya kuwahoji wahandisi na wahasibu wapatao 200, alitofautisha mwaka 1959 mambo yanayomridhisha mtu na yale yanayomchukiza tu yakikosekana, kama sera za kazi, usimamizi na mshahara. Wakosoaji wake walisema, na nadhani walikuwa na haki, kwamba watu hujipa sifa kwa mafanikio na kuyalaumu mazingira kwa maudhi. Lakini tofauti yake inasaidia hapa: kinyongo hakiondolewi kwa kuongezewa kazi ya kuvutia. Huondolewa kwa kulitaja jambo lenyewe mbele ya mwenye uwezo wa kulirekebisha, kwa tarehe na kwa ushahidi, na kutaka jibu.

Dalili: saa haziendi

Kazi ni chache, au ni nyepesi mno kwa uwezo wako. Watu huona haya kulilalamikia hili, wakaishia kuigiza shughuli. Omba kazi ngumu zaidi kwa kuitaja. Usiseme tu kwamba una nafasi, maana utapewa mabaki ya wengine.

Dalili: umerudi likizo, na kufikia Jumatano uchovu uko palepale

Hii ni tofauti na usingizi hafifu wa wiki moja. Neno la Kiingereza linalotumika kwa hali hii kimataifa, "burnout", yaani kuungua, lilianza kuandikwa kitabibu na Herbert Freudenberger mwaka 1974, na Christina Maslach na Susan Jackson wakatoa kipimo chake mwaka 1981. Shirika la Afya Duniani, katika toleo la 11 la orodha yake ya magonjwa lililopitishwa mwaka 2019, limeieleza kuwa ni hali itokanayo na msongo sugu wa mahali pa kazi ambao haukudhibitiwa, yenye sura tatu: kuishiwa nguvu, kujitenga kiakili na kazi au kuitazama kwa dharau, na kuhisi kwamba ufanisi umepungua. Shirika hilo linasema wazi kwamba ni hali ya kazini, na haliiweki katika magonjwa.

Sura ya pili ndiyo ya kuangaliwa. Aliyechoka tu bado huwaonea huruma wateja au wanafunzi wake. Aliyeungua huanza kuwaita kwa namba, kuwadhihaki akiwa na wenzake, kisha kujichukia kwa kufanya hivyo. Robert Karasek alionyesha mwaka 1979 kwamba mzigo mkubwa huumiza zaidi pale mtu anapokuwa hana mamlaka juu ya namna ya kuubeba. Kwa hiyo likizo peke yake haiwezi kutosha: inampumzisha mtu, kisha inamrudisha penye mzigo uleule na mikono ileile iliyofungwa. Kinachotakiwa ni kupunguza kitu halisi. Andika majukumu yako yote, mpelekee msimamizi, umwombe aseme yapi matatu yaachwe au yacheleweshwe. Akijibu kwamba yote ni muhimu, mwandikie utakayoyatanguliza na utakayoyachelewesha, ili ucheleweshaji uwe wa wote wawili. Na kama usingizi umekatika, kifua kinabana, au mawazo ya kujidhuru yanakupitia, mwone daktari leo, wala usisubiri ratiba ya kazi ikuruhusu.

Ari ikirejea: namna ya kuitunza

Ari haikai palepale, na anayetaka ibaki juu mwaka mzima atajichosha kwa kuivizia. Inatosha kuwa na kifaa cha kukuonyesha inaposhuka. Daftari dogo linafaa. Kila mwisho wa siku andika mistari mitatu: kilichosonga mbele, kilichokwamisha, na ari yako kwa alama kati ya 1 na 5. Usipitishe dakika tatu. Mstari wa kwanza una faida ya ziada, kwa sababu siku nyingi za kazi huisha mtu akikumbuka yaliyobaki tu, na maendeleo madogo husahaulika yasipoandikwa. Baada ya wiki nne pitia kurasa hizo. Utaona mambo ambayo kumbukumbu isingekuambia: kwamba alama 2 huja kila baada ya kikao fulani, au kwamba siku unazoanza na kazi ngumu kabla ya barua pepe hazishuki chini ya 3.

Sipendekezi hotuba za kuhamasisha. Si kwamba ni uongo. Huinua moyo kwa jioni moja, na asubuhi zinamkuta mtu mbele ya kazi ile ile isiyoeleweka.

Ikiwa umejaribu yote, na daftari halibadiliki

Kabla ya kuamua kuondoka, soma kurasa za miezi mitatu ukijiuliza maswali mawili: kinachokwamisha kinatokana na kazi ya aina hii, au na mahali hapa, na je, kuna mtu mwenye mamlaka ambaye amekwisha kuambiwa waziwazi akakataa? Kama hakuna aliyeambiwa, uchunguzi haujaisha. Kama ameambiwa na akakataa, na mistari ya kukwama inataja mahali zaidi ya kazi, tafuta kazi kama hiyo kwingine ukiwa bado umeajiriwa. Daftari lichukue uende nalo, kwa sababu siku ya usaili, utakapoambiwa kwamba sasa ni zamu yako kuuliza, maswali yako yatakuwa yamo humo: nani hupokea kazi hii ikiisha, mtu hupata maoni baada ya muda gani, na ni maamuzi yapi anayeifanya huruhusiwa kuyafanya mwenyewe.